Harusi ya Ngazija na mlima Karthala: niende? Nipande?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga. Bibi yangu mzaa mama alitoka Itsandra, kisiwa cha Ngazija, Komoro, akaolewa huku bara na hakurudi tena. Mwezi wa nane mjukuu wa dada yake anafanya harusi kubwa, ile wanayoiita anda, na nimealikwa. Nina wiki mbili. Nataka pia kupanda Karthala, volkano ya kisiwa hicho, na nikipata nafasi nivuke hadi Maore (Mayotte) kuona lagoni yake. Mume wangu anasema mlima ule ni bomu na hautoi taarifa. Kaka yangu anasema harusi zile ni ufujaji mtupu, na visiwa vyenyewe ni Unguja nyingine tu, tofauti ni Kifaransa. Nina pumu, si kali. Je, niende? Nipande? Na nibebe nini?"*

Mwalimu, nenda. Hilo nalitanguliza ili mengine uyasome kwa utulivu. Kuhusu kupanda, jibu langu lina masharti, na sharti kubwa linahusu kifua chako kuliko mlima wenyewe. Maore nakushauri uiache safari hii. Hofu ya mumeo ina msingi ila ameielekeza mahali pasipo pake. Kaka yako ana hoja kuhusu harusi, lakini kuhusu visiwa amekosea pakubwa, na nitaanza na hapo kwa sababu bila kuijua ardhi ya Ngazija hutaelewa hata hiyo harusi unayokwenda kuhudhuria.

Unguja imekaa juu ya chokaa na mawe ya matumbawe. Ngazija ni lava tupu kutoka sakafu ya bahari hadi kileleni. Ukishatua uwanja wa Hahaya, kabla hujafika Moroni, barabara inakatiza nyanda za mawe meusi yaliyoganda kwa mikunjo, minazi imejipenyeza katikati yake. Okota jiwe moja ulitazame: limejaa vitundu, mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipokuwa inapoa. Ardhi changa ya namna hiyo, yenye vitundu na nyufa kila mahali, haishiki maji. Upande wa magharibi wa Karthala mvua hupita milimita 4,000 kwa mwaka, kiasi ambacho nyinyi wa Tanga hamjakizoea hata masika yakikolea, na bado Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha, inazama, inaishia chini kabisa au inatokea pembeni mwa bahari ikiwa imeshachanganyika na chumvi.

Kwa hiyo watu wanakinga. Kila nyumba iliyojiweza ina birika la saruji pembeni au chini ya baraza, na mfereji wa bati unaoshuka kutoka paani. Kuna mahali birika lina mfuniko wa mbao na ndoo ya kamba, na mama mwenye nyumba anajua kwa kutazama tu maji yaliyobaki yatamfikisha lini. Visima vya pwani vipo, maji yake mengi ni ya chumvichumvi, ya kufulia na kuogea. Kaskazini, karibu na Bangoi Kuni, kuna ziwa la chumvi ndani ya kreta ya zamani, Niamawi. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na mji hapo. Akapita mtu mwenye karama, ana kiu, akaomba maji, wote wakamnyima isipokuwa kikongwe mmoja. Akamwambia kikongwe ahame, na mji ukazama. Hadithi za mji uliozama zipo pwani yote ya Afrika Mashariki, lakini kisiwani kusiko na mto, dhambi iliyouzamisha mji ni kumnyima mgeni maji. Ukifikia nyumbani kwa jamaa zako, oga kwa kata na ndoo, tena kwa kiasi. Watakuona umelelewa.

Sasa, visiwa vya Komoro viko vinne na havina umri mmoja. Maore, wa mashariki, ndiyo kongwe. Wafuatia Nzwani na Mwali. Ngazija ndiyo changa. Volkano ikishazeeka hupoa na kuzama polepole kwa uzito wake. Matumbawe yaliyoizunguka huendelea kujijenga kwenda juu yakitafuta mwanga, mpaka unabaki ukuta wa matumbawe mbali na ufukwe, na katikati maji tulivu. Hiyo ndiyo lagoni unayotaka kuiona, na ya Maore ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ngazija haijafika huko. Matumbawe yake ni utepe mwembamba tu, na hatua chache kutoka ufukweni mwamba unashuka karibu wima. Fukwe za mchanga mweupe zipo, Mitsamihuli na Chomoni kwa mfano, na Chomoni inapendeza zaidi kwa kuwa mchanga mweupe umelala kati ya pembe mbili za lava nyeusi. Lakini ukienda Ngazija kutafuta ufukwe wa Paje, utarudi umenuna.

Huo mteremko wima nao una habari yake. Chini, kati ya mita 150 na 250, kuna mapango ya lava, na humo hupumzika mchana samaki wanayemwita gombesa. Wanasayansi walikuwa wanaamini kizazi chake kilitoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili akapatikana Nzwani, mwaka 1952. Kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote, wakimvua kwa bahati mbaya kwenye mshipi wa kina kirefu, na hawakumthamini kwa kuwa nyama yake haina maana. Yupo amehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa mjini Moroni, mkubwa, magamba kama ngao, mapezi yenye shina la nyama. Nenda ukamtazame. Hayo ni makumbusho madogo, lakini jengo hilohilo la CNDRS, kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti wa kisayansi, lina jambo jingine utakalolihitaji, na ndiyo tunafika kwa mumeo.

Mumeo anafikiria milima ile inayoonyeshwa kwenye televisheni, inayopasuka na kufukia miji. Iko ya aina hiyo, na tofauti yake na Karthala ni uzito wa kile kilicho ndani. Lava ya ugali, nzito, huziba njia, gesi inabanwa chini yake, na siku ikifumuka inafumuka na mlima. Lava ya Karthala ni uji: nyepesi, gesi inatoka bila shida, nayo inachuruzika mbavuni. Ndiyo maana mlima wenyewe hauna ncha. Umetandazika, tabaka juu ya tabaka, na kileleni kuna bonde la duara lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, kaldera. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20, na kisiwa kipo, na watu wapo.

Haina maana haudhuru. Aprili 1977 ufa ulifunguka ubavuni upande wa kusini magharibi, chini kabisa ya kilele, na lava ikaingia kijiji cha Singani. Watu walikuwa wameshaondoka. Nyumba hazikuweza kuondoka. Ukipita Singani leo utaona mji umejengwa tena juu ya jiwe lilelile. Hatari ya pili ni pale magma, yaani lava ikiwa bado chini ya ardhi, inapokutana na maji yaliyo humo: maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha mawe na majivu bila lava yoyote kuonekana. Hilo lilitokea mwaka 1991 ndani ya kreta ya Shahale, na likarudi kwa nguvu Aprili na Novemba 2005. Maelfu walikimbia vijiji vya mashariki. Lakini kilichowaumiza watu wengi zaidi mwaka ule hakikuwa moto. Majivu yalianguka juu ya mapaa, yakashuka na mfereji, yakaingia kwenye mabirika. Watu zaidi ya laki moja wakajikuta hawana maji ya kunywa, kwenye kisiwa ambacho nimeshakueleza hakina mto wa kukimbilia. Mlipuko wa Mei 2006 ulikuwa wa lava iliyobaki kileleni, wekundu wake ukionekana angani usiku kutoka Moroni, na wa Januari 2007 ulikuwa mdogo. Baada ya huo mlima umetulia, ingawa kutulia kwa mlima wa namna hii si kulala.

Ya tatu ni gesi, na hii ndiyo inayokuhusu wewe binafsi. Mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa kukosa hewa kwenye mbavu za Karthala. Hewa ya ukaa ni nzito, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo ambapo upepo haufiki, haina harufu. Gesi ya salfa ina harufu kali, kwa hiyo inakuonya, lakini mtu mwenye pumu inambana kifua kabla mwenzake hajaanza hata kukohoa.

Je, mlima hautoi taarifa? Unatoa. Magma ikipanda inapasua mwamba, na kila mpasuko ni tetemeko dogo ambalo mtu halihisi lakini mashine inalisikia. Kituo cha uangalizi wa Karthala, kilicho chini ya CNDRS Moroni, kinasikiliza mitetemo hiyo, na milipuko ya 2005 ilitanguliwa na mitetemo iliyoongezeka. Kinachotoa taarifa fupi, wakati mwingine hakitoi kabisa, ni mlipuko wa mvuke. Ndiyo maana nasema kaldera inafaa kutazamwa na kupitwa, lakini usikubali kulala ndani yake, hata mwongoza njia akikwambia wageni wote hulala humo. Siku moja kabla ya kupanda pita CNDRS, uliza hali. Wakikwambia subiri, subiri. Hapo usisikilize mtu mwingine, mimi nikiwemo.

Safari ya juu ni ya siku mbili kwa watu wengi. Unaanzia upande wa Mvuni, unapanda hadi Boboni, palipokuwa na kiwanda cha mbao zamani, kisha msitu. Njia ya Bahani nayo hutumika. Si lazima uwe mkwea milima. Ni kutembea tu, lakini ni kutembea kwa kupanda zaidi ya mita elfu moja na nusu, njia ni matope chini na mawe yanayoviringika juu, na maji yote ya siku mbili unabeba mwenyewe kwa sababu ileile. Agosti ni kusi, kukavu, ndiyo majira mazuri, ila usiku huko juu baridi ni ya Lushoto mwezi wa saba na zaidi. Bila mwongoza njia wa kijiji usijaribu. Ukungu hushuka adhuhuri, na hapo njia na kisichokuwa njia vinafanana.

Utakachokiona: msitu wenye ukungu umejaa okidi, kisha ghafla miti inaisha na unaingia kwenye vichaka vya kijivu vyenye majani membamba kama sindano. Katika vichaka hivyo, na kwingine popote duniani hapana, huishi ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe jichoni. Yeye, bundi mmoja mdogo wa msituni na ndege wengine wawili ni wa mlima huu peke yake. Sikiliza bundi usiku. Kumwona ni bahati. Halafu ukingo wa kaldera, na chini yake weusi mtupu.

Kwa pumu yako hesabu ni hii. Kabla hujakata tiketi muone daktari, umwambie kwa maneno hayo hayo: natembea siku mbili, napanda, baridi, vumbi la majivu, na huenda kukawa na gesi ya salfa. Kama umewahi kulazwa kwa pumu, au unatumia dawa ya kuvuta ya kutuliza kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki, mimi ningeacha kilele. Kama si hivyo, jipime: panda milima ya Usambara siku nzima ukiwa na mzigo, uone kifua kinasemaje usiku wake. Ukienda, dawa yako ya kuvuta ikae mfukoni, si kwenye begi alilobeba mwenzako, na uwe na ya akiba. Ukisikia harufu ya salfa inakukereketa, geuka papo hapo. Usijisukume kwa kuona aibu wenzako wanakusubiri.

Usipopanda hadi juu hutakuwa umeukosa mlima. Tembea msituni hadi Boboni asubuhi na urudi. Nenda Singani, ukanyage lava ya 1977. Nenda Niamawi jioni. Nenda Ikoni, usimame chini ya jabali ambako, mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake walijirusha baharini wasichukuliwe mateka na wavamizi waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Mji huo hautakwambia habari hiyo kwa sauti kubwa, lakini kila mtoto anaijua.

Tuje kwenye harusi. Kaka yako anasema ufujaji, na mtu asikudanganye kwamba hakuna kitu cha namna hiyo. Anda huchukua miaka kutayarishwa na huenda siku nyingi: ng'ombe, mchele, dhahabu ya bibi harusi, bahasha kwa makundi ya rika ya mji mzima, twarab ya usiku. Wengi wa wanaofanya ni waliokwenda Ufaransa, Marseille hasa, wakafanya kazi miaka na miaka kwa ajili ya mwezi mmoja huu wa kiangazi. Wapo waliorudi na madeni. Ali Soilihi, rais wa Komoro kuanzia 1976 hadi alipopinduliwa Mei 1978, alijaribu kuifuta kabisa. Alipoondoka, harusi zilirudi.

Zilirudi kwa sababu kazi yake haikuwa imepata mbadala. Mwanamume aliyefanya anda ni mdrumdzima, yaani mtu mzima aliyekamilika mbele ya mji. Anakaa safu ya mbele, anavaa joho na kilemba cha hadhi yake, na neno lake lina uzito kwenye bangwe, ule uwanja wenye mabenchi ya mawe ambapo mambo ya mji huamuliwa. Ambaye hajafanya, hata awe na shahada tatu na mvi kichwani, anahesabiwa bado katika wana wa mji, wa kutumwa. Na fedha zinazotolewa haziishii sahanini zote. Sehemu yake huingia mfuko wa mji, na msikiti, madarasa, au barabara iliyotiwa lami utakayoiona Ngazija mara nyingi haikujengwa na serikali. Binafsi nadhani mzigo umezidi, hasa kwa vijana ambao hawajaamua wenyewe. Lakini kuuita ufujaji mtupu ni kuhesabu matumizi na kuacha mapato.

Kuna jambo moja ambalo kaka yako hakulijua, na huenda hata wewe hulijui. Ngazija ukoo hufuata kuukeni. Watu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, msikiti haukosi mtu, masharifu wanaheshimiwa, na palepale nasaba ya nyumba na cheo cha ukoo vinapita kwa mama. Ukoo huo wanauita inya. Nyumba ni ya binti, hujengewa na wazazi na wajomba zake. Mume ndiye anayehamia. Ndiyo maana katika anda utaona bwana harusi analetwa kwa msafara hadi mlangoni kwa mke, na kwa desturi ya huko hiyo ndiyo fahari yake. Ipo pia ardhi iitwayo manyahuli, mali ya ukoo inayopita kutoka mama kwenda kwa binti na haiuzwi. Wanazuoni wamejadiliana sana namna inavyokaa pamoja na mirathi ya kisheria, na mjadala haujaisha.

Sasa jitazame: bibi yako ni mzaa mama. Mama yako ni binti wa binti wa nyumba ile. Kwa hesabu ya Itsandra, wewe si mgeni aliyealikwa kwa hisani. Umetoka tumbo la nyumba, na wanawake wazee watakuuliza jina la bibi yako na la mama yake kabla ya kukuuliza jina lako. Andika majina hayo, mpaka yatakapokuishia, uende nayo. Kama kuna picha ya bibi, beba. Na nakuomba kwa dhati: neno manyahuli lisitoke mdomoni mwako wiki ya harusi. Hata ukilitaja kwa kudadisi tu, kuna watu watahisi umekuja kudai shamba. Ikiwa kweli lipo la kuulizia, lingoje safari nyingine, na hilo si la kuandikiana. Ni la kukaa na wazee wa ukoo, na ikibidi kadhi.

Kaka yako umkumbushe pia kwamba Itsandra si mji wa mbali na pwani yake. Sheikh Ahmad bin Sumait, kadhi aliyesomesha wanazuoni wengi wa Unguja, alizaliwa huko mwaka 1861, na mwanawe Habib Omar, kadhi wa Unguja baada yake, alizaliwa hukohuko. Twarab nayo ilipelekwa Ngazija kutoka Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, ikapata fidla na mashairi ya kwao. Usiku utakaposikia nyimbo, maneno utayashika nusu, na nusu nyingine utakonyezwa na jirani. Kingazija kinakaribiana na Kiswahili kiasi cha kukupoteza: usidhani kila neno unalolijua lina maana unayoijua. Kiswahili chako kitafahamika na wengi, hasa wazee na wafanyabiashara.

Mchana wa shughuli, wanawake watakuwa wamejipaka msindanu. Ni msandali unaosuguliwa juu ya jiwe la tumbawe lenye maji kidogo, mpaka linatoka rojo la manjano, kisha linapakwa usoni na kuachwa likauke. Linapoza ngozi, linanukia. Ukikaribishwa, kubali. Picha piga baada ya kuomba. Ndani ya ngoma za wanawake usipige kabisa mpaka mwenye nyumba aseme.

Maore sasa. Ziara hiyo unaiona ya karibu kwa kuwa kutoka Nzwani ni kilomita 70 tu. Lakini Maore iko chini ya Ufaransa, ni mkoa wake kamili tangu 2011, na serikali ya Komoro haikukubali utengano huo. Kwako wewe maana yake ni viza ya Ufaransa ya Maore, inayoombwa ubalozini kabla ya safari, si ya kuipata bandarini. Utakutana na watu watakaokwambia ipo njia ya usiku, kwa boti ndogo ziitwazo kwasa. Usithubutu. Bahari hiyo imemeza watu wengi mno tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, na hao walikuwa wenyeji wanaoijua. Isitoshe kimbunga Chido kiliipiga Maore vibaya Desemba 2024, na kisiwa bado kinajijenga. Ngoja.

Badala yake, ondoa siku tatu au nne kwenye harusi, uende Mwali. Ndicho kidogo na chenye utulivu, na kwa mtu aliyekwishaona jiwe jeusi la Ngazija, kuona mito ni ajabu. Umri wake umeigeuza lava kuwa udongo, na udongo unashika maji. Kusini, Niumashua na visiwa vyake vidogo vimo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2001. Itsamia kasa hupanda kutaga usiku, na kijiji chenyewe ndicho kinachowalinda. Nenda na mtu wao, zima tochi mpaka akuruhusu. Agosti nyangumi wako baharini. Popo mkubwa mweusi wa misitu ya Mwali na Nzwani, ambaye idadi yake yote haifiki elfu mbili, unaweza kumwona akiruka mchana akielea kwenye hewa ya joto.

Nzwani ningekupa nafasi ya pili. Ina Mutsamudu na vichochoro vyake, Domoni, shiromani, yaani nguo za kujitanda za wanawake, na vinu vya kukamulia langilangi. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, mvuke unapita saa nyingi, na mafuta ya saa za mwanzo ndiyo ghali. Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta hayo duniani. Kuni zake, pamoja na mashamba yaliyopanda milimani, zimeikausha mito mingi ya Nzwani ambayo zamani ilitiririka mwaka mzima. Siku moja inatosha kuiona hali hiyo, na inahuzunisha. Kati ya visiwa chukua ndege ndogo ikiwezekana. Ukichukua boti, iwe ya abiria, mchana, na koti la kuelea ulione kwa macho kabla hujalipa.

Umeuliza ubebe nini. Ndege huenda Moroni kutoka Dar es Salaam. Habari za viza uliza ubalozi wa Komoro palepale Dar, maana masharti hubadilika. Fedha yao ni faranga ya Komoro, iliyofungwa na yuro kwa kiwango kisichobadilika cha karibu 492, kwa hiyo beba yuro taslimu. Shilingi utaishia kuirudisha nyumbani. Malaria ipo Ngazija: dawa ya kinga mwulize daktari yuleyule utakayemwona kwa ajili ya pumu. Viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu lava inakula raba. Sweta.

Zawadi usinunue kabla ya kuuliza. Mchango wa anda huandikwa daftarini, nani katoa nini, ili urudishwe kwenu siku yenu ikifika, na ukitoa kikubwa kupita nafasi yako unawaachia jamaa deni ambalo hawakuliomba. Mpigie simu mama mkubwa wa nyumba, mwulize fungu la wanawake wa rika lako ni lipi na sare ya leso ni ipi. Leso za Tanga zitapokelewa vizuri, ila zinunue jozi, na usome jina kabla ya kulipa: harusini hapo kuna mawifi wa pande mbili, na kila mmoja atalisoma.